Alhamisi Ninayomdai Ndulu

Ndulu, mke wa Mwololo, alivichemsha vikombe vya ushirika kwa sababu vilikuwa vimelala nyumbani kwangu usiku mmoja. Alivichemsha uani, mchana kweupe, wapangaji wote wakitazama. Kisha akavipeleka nyumba nyingine, na ushirika haukuingia tena kwangu. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema lingine. Mimi sikusoma. Ninasema haya na binti yangu Kalunde anaandika, na nimemwambia asilainishe neno hata moja.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane, baada ya ile mvua ya El Nino, wakati udongo mweusi wa Kitengela ulikuwa bado unawavua watu viatu njiani. Tulikaa ploti moja nyuma ya soko la Noonkopir, mimi chumba cha mwisho karibu na choo, Ndulu chumba cha pili kutoka langoni. Mume wangu Musila alikuwa korokoroni huko Embulbul, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nilipika isyo, mahindi na maharagwe, nikiwauzia watu wa mjengo, wale vibarua wa ujenzi. Ndulu alipotoka kwetu Mbooni mara ya kwanza hakuwa hata na blanketi. Alilala kwenye kitanda changu, mimi na Kalunde tukalala chini, na alikula kwenye sufuria yangu mpaka Mwololo alipopata kazi kwenye shamba la maua kule Isinya. Sitafuti kusifiwa. Ninataka tu ieleweke kwamba vikombe vyangu hakuanza kuvijua siku ile.

Kanisani kwetu wanawake hukutana kwa ushirika kila Alhamisi, nyumba kwa nyumba. Zamu ikikufikia, vikombe vya ushirika huletwa Jumatano ndani ya beseni, vimefunikwa kwa kitambaa, vinalala kwako. Unafagia, unaomba viti kwa majirani, unapika chai. Mwenyekiti anasoma Neno, watu wanaomba, wanakunywa, na kabla ya kutoka wanasimama wote na kuiombea nyumba ile kwa jina la mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo kila mtu analingojea. Mwanamke akikaa mwaka mzima nyumba yake haijaombewa, watu huanza kuuliza amefanya nini. Mwenyekiti alikuwa Ndulu, kwa sababu alikuwa amefika darasa la saba na sauti yake haikutetemeka akisoma.

Nilikuwa nikikohoa tangu mvua. Nilidhani ni moshi wa jiko. Kisha nikaanza kulowa jasho usiku, na sketi ikawa inazunguka kiunoni. Jumatano ile beseni lilipoletwa, nilikuwa nimetoka kituo cha afya na majibu. Nilimwambia Ndulu kama ninavyomwambia dada.

"Ni kifua kikuu. Wamenianzisha dawa."

"Pole, mwaitu," akasema, yaani mama kwa Kikamba chetu, na akasogea nyuma kidogo. Sikulitilia maanani.

Asubuhi ya Alhamisi alikuja akasimama nje ya mlango, leso mdomoni.

"Mama Kalunde, hebu nipitishie hilo beseni."

"Ingia basi. Chai nimeshabandika."

"Nipitishie tu. Watu wako na watoto wadogo."

Nikampitishia. Akawasha kuni pale katikati ya ua, akabandika sufuria kubwa ya kufulia, akavitumbukiza vikombe vyote. Mke wa Githongo, jirani yetu, aliuliza kuna sherehe gani. Ndulu akamjibu kwa sauti iliyofika kwangu, "Ni ugonjwa. Tunajikinga." Lakini vikombe vile vilikuwa vya plastiki. Vilipogusa kando za sufuria midomo ilipinda, vingine vikawa kama masikio ya mbuzi. Alivitoa kwa kijiti, kimoja kimoja, akavianika juu ya ua wa mabati. Ushirika ulikaa siku hiyo kwa mke wa Githongo. Niliwasikia wakiimba.

Muuguzi wa kituo cha afya, kijana wa Kimaasai aliyeitwa Kuntai, aliponisikia alitikisa kichwa. "Kifua kikuu hakikai kwenye kikombe, mama. Ungewaambia wafungue dirisha." Akaniambia nifungue dirisha, nikohoe kwenye kitambaa, nisiruke dawa, na baada ya majuma machache sitamwambukiza mtu. Nilimpeleka Kalunde kwa nyanya yake Mbooni, Musila akawa kazini Embulbul, nikabaki peke yangu na vidonge.

Vidonge vile vilifanya mkojo wangu uwe mwekundu kama chai isiyo na maziwa, na vilichoma tumbo mpaka nikawa nimejikunja. Watu wa mjengo waliacha kununua isyo. Hakuna aliyebisha mlango. Baada ya muda nilifikia mahali nikasema, kama nimekwisha kuzikwa na watu wanaonijua, ninameza haya kwa ajili ya nani? Siku mbili sikumeza.

Siku ya tatu alikuja Resian. Resian aliuza maziwa kwenye ploti yetu, akitoka upande wa malisho na mitungi yake juu ya punda. Hakuwa wa kanisa letu. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la kanisa lao, na alisoma Kimaasai peke yake, kidole chini ya neno.

"Takwenya," akaita mlangoni, salamu ya Kimaasai kwa mwanamke.

"Iko," nikajibu kutoka kitandani.

Akaingia. Hakutafuta kiti. Alifungua dirisha, akaketi kitandani, miguuni pangu.

"Kwa nini umelala na jua imetoka?"

"Ushirika wamenikata."

"Wamekata dawa pia?"

"Dawa nimeacha mwenyewe. Zinachoma."

"Hata mimi ng'ombe ikikataa dawa siiulizi. Naishika pua." Akanitazama kama anayepima pua yangu. Kisha akatoa Biblia yake kwenye shuka aliyojitanda. "Ngoja. Kuna mgonjwa huku ndani, nilimsoma Jumapili."

Ilikuwa Zaburi ya arobaini na moja. Alisoma kwa Kimaasai, akasimama, akanigeuzia kwa Kiswahili chake.

"Huyu Daudi amelala kama wewe. Anasema Enkai inamshikilia mtu akiwa mgonjwa." Kidole kilirudi nyuma, kikasoma tena. "Halafu inamtandikia."

"Nani anatandika?"

"Enkai."

"Mungu atandike kitanda?"

"Ndiyo imeandikwa. Mimi nikiwa mgonjwa mzee wangu hakugusa hata ngozi ya kulalia. Alisimama nje akauliza chai iko wapi."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Resian akainuka. "Toka hapo. Mungu ako na kazi mingi leo, wacha nimsaidie." Akageuza godoro, akakung'uta blanketi nje, akaninyooshea shuka. Nililala juu ya upande mkavu na nikahisi, sijui niseme vipi, kwamba kitanda kile kilikuwa kimeguswa na mkono mmoja juu ya mwingine.

Aliendelea kusoma. Watu wanakuja kumtazama mgonjwa na maneno matupu, wakitoka nje wanasema huyu hataamka. Kisha rafiki yake mwenyewe, aliyekula chakula chake, anamgeuka.

"Huyu Daudi anamjua Ndulu," nikasema.

"Kila ploti iko na Ndulu," akasema Resian. "Sikiza anachoomba sasa. Anasema, Mungu, uniinue, nipate kuwalipa."

"Imeandikwa hivyo? Awalipe?"

"Soma mwenyewe," akasema, akakumbuka sisomi, tukacheka tena.

Nilikuwa nimefundishwa kwamba mgonjwa mzuri husamehe akiwa amelala. Hapa kulikuwa na mgonjwa wa Mungu aliyetaka kwanza kusimama. Nilimwomba Resian maji. Nilimeza vidonge vya siku ile mbele yake, na kesho yake nilikwenda kwa Kuntai nikamwambia ukweli, akanigombeza, akanirudisha kwenye mstari. Kila asubuhi Resian alileta maziwa na mstari mmoja, na mimi niliushika kichwani. Tumbo lilipochoma nilisema: unanitandikia, uniinue. Nilimeza mpaka siku ambayo Kuntai alisema basi, umepona.

Alhamisi iliyofuata nilivaa kitambaa changu cha kichwa nikaenda ushirika kwa mke wa Githongo. Nikaketi. Nikapewa chai kwenye kikombe kilichopinda, nikanywa, nyingine ikanimwagikia kifuani kwa sababu ya ule mdomo. Mwisho nikasema, "Zamu yangu ni lini?"

"Tutapanga," akasema Ndulu.

Hawakupanga. Zamu ilikuwa ikitoka kwa mke wa Githongo inaruka kwangu. Niliuliza tena na tena, mbele ya watu. "Tutapanga, Mama Kalunde, usiwe na haraka." Kila mzunguko, Alhamisi ambayo ilipaswa kuwa yangu, nilifagia, nikaweka viti, nikapika chai. Resian akija tunakunywa wawili, naye ananiombea nyumba kwa Kimaasai. Nyumba yangu haijaachwa na Mungu. Imeachwa na Ndulu.

Mwaka wa elfu mbili na tano presha ilimpiga Ndulu, upande mmoja ukalala. Wakati huo walikuwa wamejenga chumba na jiko kwenye kiploti chao njia ya Isinya. Nilikwenda. Mwololo alinifungulia mlango, akatazama chini. Nikaingia, nikafungua dirisha, nikaketi kitandani, miguuni pake, bila leso.

"Mukai," akasema, akiniita kwa jina langu, ulimi mzito. "Macho hayasomi tena. Niambie neno."

Nikageuza godoro lake kwanza, Mwololo akimshika. Kisha nikamwambia Zaburi yote kwa kichwa, tangu mwanzo. Nilipofika kwenye kitanda kinachotandikwa, alilia. Nilipofika kwa rafiki aliyekula chakula, sikuruka.

"Hiyo naijua," akasema. "Nikisoma kwa ushirika, nilikuwa naishia mstari wa juu yake, huo siusomi."

"Mimi nilisomewa yote."

"Umekuja kunilipa?"

"Nimekulipa. Umelala pakavu."

Nimeendelea kwenda, na sasa anatembea kwa fimbo, anafika sokoni, anafika kanisani. Wananiambia mimi na yeye tumepatana. Watu hupenda kusema hivyo wakimwona mtu akimgeuzia mwingine godoro. Yeye hajasema neno juu ya vikombe, na mimi sikuenda kule ili alisahau.

Kwa hiyo ninalitaja. Ndulu, mke wa Mwololo, hanidai kitu. Mimi ninamdai Alhamisi moja. Awalete wanawake wale wale waliomwona akichemsha, mke wa Githongo awemo. Aingie kwa mlango wangu, asisimame nje. Anywe chai kwenye kikombe kilicholala kwangu, aseme mbele yao kwa nini alikichemsha, kisha asimame kwa fimbo yake na kuiombea nyumba hii kwa jina langu. Viti nimeshaweka.