Sura ya Taj Mir Nyuma ya Lori

Tangu Taj Mir afariki, kaka yake Zarwali hakugusa usukani tena. Akisikia tu lori linabadilisha gia, mikono inamtetemeka hadi chai inamwagika. Peshawar nzima ikasema ana jini. Akavalishwa hirizi, akapuliziwa dua, wapi! Mwisho mama yake alimshika mkono kama mtoto akampeleka hospitali.

Daktari Rukhsana hakumuuliza mengi. Alimpa karatasi na rangi.

"Daktari, mimi mtu mwenye ndevu," Zarwali akasema. "Haya ni ya watoto."

"Basi chora ndevu."

Akachora kona. Kila akienda, kona ileile ya njia ya Chitral, nyeusi tii, na bonde chini yake. Hapo ndipo breki zilipomkatalia akiwa usukanini. Taj Mir, utingo wake, aliruka chini na gogo la kuzuilia gari, akalisukumiza chini ya tairi. Lori likasimama ukingoni. Taj Mir hakusimama; bonde lilimchukua.

Siku moja, pale konani, Zarwali akachora gogo. Siku nyingine, mkono ulioshika gogo. Siku hiyo alilia mpaka kwikwi ikamshika, akarudi nyumbani akamaliza mikate miwili, mama yake akimtazama asiamini macho yake.

Karatasi zikawa ndogo kwake. Akaenda kwa Fundi Qalandar, kwenye uwanja wanakopamba malori, akaomba brashi. Alianza kwa majani, akafika kwenye tausi. Halafu likaletwa lori la Haji Mumtaz, lilelile aliloliendesha siku ya ile kona, limenyooshwa bati, linataka pambo jipya. Haji alitaka simba mgongoni. Fundi akamwachia Zarwali kazi hiyo.

Haji alipokuja kulichukua, simba hakumwona. Mlango mzima wa nyuma ulikuwa Taj Mir, gogo begani, anacheka na pengo lake.

"Nani kakuambia uchore maiti kwenye mali yangu?"

"Maiti gani, Haji? Huyu ndiye aliyeiokoa hiyo mali yako."

Madereva waliokuwa wakinywa chai wakasogea. Bakht Zamin, mwenye mdomo kuliko wote, akatema mate pembeni. "Uso wa marehemu ni mkosi. Mimi siendeshi hilo hata kwa dawa."

"Wala mimi," wakadakia wengine.

"Umesikia?" Haji akasema. "Halina dereva. Futa."

Zarwali akaichovya brashi kwenye rangi nyeusi. Watu wakadhani anafuta. Akamwongezea mdogo wake wanja machoni, akairudisha brashi koponi.

"Sifuti. Wale simba wenu, nani kati yao amewahi kuwawekea gogo? Dereva unaye, Haji. Mimi."

Bakht Zamin akaangua kicheko. "Wewe? Unayemwaga chai?"

Zarwali akapanda. Mikono ilitetemeka. Akaushika usukani ikitetemeka hivyo hivyo.

"Jamani, mwoneni anavyotetemeka!" Haji akapiga kelele. "Shuka! Mzigo wangu hupati!"

"Natetemeka, ndiyo. Nitakwenda nikitetemeka. Nipe hata tupu, nifike ile kona na kurudi. Likirudi na mkwaruzo, simba wako nakuchorea bure, na jina langu lifute hapa mjini."

Haji akautazama ule uso wenye pengo. Yeye ndiye aliyemwajiri Taj Mir, tena kwa sababu ya kicheko hichohicho. Akazitoa funguo mfukoni, akazirusha dirishani.

Injini ikaunguruma, minyororo ya pambo kwenye bampa ikalia kama njuga. Zarwali akatoa kichwa. "Gogo liko wapi? Lori haliondoki bila gogo."

Bakht Zamin, akinung'unika, akachomoa la kwake kwenye lori lake, akampa. "Nataka unirudishie wewe mwenyewe, mwendawazimu wee."

"Nifuate nyuma, umtazame Taj Mir njia nzima," Zarwali akamwambia. "Utapendezwa na sura yake."

Akatia gia.