Kimo cha Wimbo wa Mama

Kwetu Maguu, anayeanzisha wimbo ndiye anayepanga kimo chake. Akiuanza juu, mtapanda naye hadi mishipa ya shingo iwatoke. Kumshushia mtu wimbo aliouanza ni kumwambia mbele za watu kwamba amekwisha. Mama yangu alikuwa mwanzishaji, na hakuwa na huruma.

Utotoni nilimsikia zaidi kuliko nilivyomwona. Asubuhi za ukungu wanawake walikwenda ngokela, ile kazi ya kusaidiana shamba kwa shamba. Wanaume walikuwa wamekwisha kulaza nyasi miraba miraba kwenye mteremko. Wanawake wakachimba katikati yake ngolo, yale mashimo ya kuzuia maji ya mvua, na kuzifukia nyasi kwa udongo. Ukungu ulificha yote, majembe, migongo, hata mibuni ya karibu. Sauti ya Mama tu ndiyo haikufichika. Niliamini kwamba ukungu huondoka kwa sababu yake, na mpaka leo sijaacha kabisa kuamini.

Bibi, mama yake Baba, alisema kila mtu huimba kabla hajajua kusema. "Mtoto mchanga halii," aliniambia, "anatafuta pa kuingilia." Sauti yake yeye ilikuwa imebaki nyembamba, imetobokatoboka kama chandarua cha zamani. Alipombeba mdogo wangu wa kiume na kumwimbia, wote wawili wamefumba macho, sikujua ni nani anayembembeleza mwenzake.

Mdogo wangu huyo alipofika darasa la saba, sauti ikamkimbia. Jumapili moja kanisani aliuanza mstari akiwa mbuzi, akaumaliza akiwa fahali. Mama alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kitenge. "Usijali, mwanangu," alimwambia tulipotoka. "Ile imekwenda, nyingine iko njiani."

Mwaka huohuo sauti ya Mama nayo ikaanza kwenda. Niliigundua tukiwa tunamenya kahawa kwa mashine ya mkono. Aliimba chinichini, kwa sauti nzito yenye moshi, kana kwamba kuna mwanamke mwingine amesimama ndani ya gauni lake. Niliipenda sauti ile. Nilipogeuka kumtazama, akanyamaza.

"Zungusha mashine," akasema.

Ilikuwa ile miaka wanunuzi binafsi walipoanza kupanda milima yetu kwa magari yao, na maduka ya Mbinga mjini yakajaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu. Baba mdogo aliuza kahawa yake akarudi na radio kaseti kubwa, ameikumbatia kama mgonjwa. Nami nilikuwa nimechumbiwa na mtu wa Mbaha, huko ziwani alikozaliwa Mama. Katika ukoo wetu bibi harusi haondoki mpaka mama yake amwimbie mlangoni, naye ajibu kutoka ndani. Asiyeimbiwa husemwa kwamba ametoroka.

"Shemeji, usijichoshe," Baba mdogo alimwambia Mama. "Siku hizi kuna kaseti. Na sauti yako, tusidanganyane, imechoka."

"Hiyo kaseti yako imemzaa nani?"

Jibu lilikuwa kali, ila akarudia kuupeta mchele aliokuwa amekwisha kuupeta. Nilimwonea huruma, nikaogopa. Nilitaka aniimbie yeye. Nilitaka hilo kuliko nilivyomtaka hata bwana harusi, na Mungu anisamehe, maana bwana mwenyewe bado yupo na atayasoma haya.

Siku ikafika, mibuni imechanua, harufu yake imejaa nyumba nzima hadi kichwa kikawa chepesi. Nilikaa ndani nimefunikwa kanga, na dunia yote ikawa maua mekundu ya kitambaa yenye mwanga nyuma yake. Nilijihisi nimelala huku nimekaa. Nikasikia miguu ya watu uani, kisha Mama akaanza.

Alianza juu. Kulekule kwa zamani, kwenye kimo cha ngokela. Mstari wa kwanza ulifika. Wa pili ulimkatikia katikati. Wanawake hawakuushusha, nani angethubutu? Walijikaza, wakaupandia, wimbo ukageuka mayowe, na katika mayowe yale sauti ya Mama haikuwemo. Nikasikia kitufe cha kaseti kikibonyezwa, na mkwaruzo wa utepe ukianza.

Ilikuwa zamu yangu kujibu. Nikajibu chini, chini kabisa, kwenye kimo alichoimbia Mama siku ile ya mashine ya kahawa.

Mayowe yakakatika. Binti kumshushia mamaye wimbo, tena siku ya harusi! Nilitoka mlangoni huku naimba, kanga ikaniteleza kichwani, na Mama akanitazama kwa jicho ambalo sikulielewa. Niliogopa kwamba nimemmaliza. Kisha ile sauti ya moshi ikaingia chini ya yangu na kuibeba, uwanja mzima, hadi kwenye gari. Baba mdogo alizima kaseti yake mwenyewe.

Hatukuwahi kulizungumza. Mama hayupo tena, nami nimezeekea Mbaha. Hapa mimi ndiye mwanzishaji, wanawake tunapoanika usipa, dagaa wetu wa ziwani, mchangani, na mbele yetu ziwa na mbingu huwa havina mpaka.

Juzi niliuanza wimbo wa Mama, juu, kama siku zote. Mstari wa pili ukanikatikia. Binti yangu, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye samaki, akajibu chini.

Nilimtazama. Uchungu ulinipanda hadi machozi yakanilenga, na laiti ningekuwa karibu ningemchapa usoni kwa usipa. Na ndani ya uchungu uleule nikasikia raha, kama mtu aliyepokewa mzigo ambao hakuomba apokewe. Hapo ndipo nilipolielewa lile jicho la Mama.

Nikashuka, nikamfuata.