Mpira wa Karani Adelard

Mwaka wa hamsini na tatu, enzi za Mwingereza, karani mstaafu Adelard wa Temeke hakuomba utajiri wala pepo. Aliomba kukojoa amesimama ukutani, kama mwanamume mwingine yeyote. Tezi dume ilikuwa imemziba mkojo, hospitali ikampitishia mpira, na mpira ukaishia kwenye chupa chini ya koti lake la kanisani. Daktari aliahidi kumpasua na kuutoa mpira kabisa, kwa sharti moja: mkojo, ulioingia wadudu wa homa kupitia mpira huo, usafike kwanza.

Kilichomponza ni kupendwa. Mgonjwa haendewi mikono mitupu, na Temeke ilishaona machungwa ni ushamba; watu walikuja na dawa. Kila nyumba ilikuwa na vidonge vilivyobaki, vimefungwa kwenye pindo la khanga, maana homa ikishashuka, mjinga gani anaendelea kumeza? Nassibu fundi cherehani alileta masalio ya dawa ya kichomi ya mkewe. Mehboob mwenye duka akaleta kidonge cha njano, amekishika kama kito.

"Meza, karani. Hiki kilimwinua mama yangu kitandani."

"Kimoja kitatosha?"

"Ukimeza viwili utaota meno mapya!"

Adelard akameza. Homa ikashuka, Jumapili akaimba hadi padri akageuka. Kisha homa ikarudi, na harufu iliyomwachia benchi zima peke yake. Mgeni mwingine, kidonge kingine. Kukataa ni utovu wa adabu, na Adelard alikuwa na adabu mpaka kwenye kibofu.

Siku ya kupasuliwa, daktari alimketisha pamoja na mkewe, Tekla.

"Mzee Adelard, wadudu wa mkojo wako tumewaotesha kwenye sahani, tukawawekea kila dawa tuliyo nayo. Wanastawi tu. Hivyo vidonge vya kudokoadokoa vimeua wanyonge, vikabakiza sugu."

"Sasa kupasua?"

"Nikikupasua hivi, wataingia kwenye damu. Humalizi wiki."

"Na mpira?"

"Utabaki."

"Basi nipe dawa yoyote."

Daktari alifuta miwani yake, ingawa ilikuwa safi. "Kunywa maji mengi."

"Maji!" Tekla akaruka. "Dola nzima ya Malkia, meli zote zile, dawa yenu ni maji? Mie ninayo mtungini!"

Adelard alivaa koti, akaificha chupa, akamshukuru daktari.

Alikunywa maji. Homa haikushuka tena. Walimzika kabla ya Kwaresima na mpira wake ndani, maana waliomwosha walitazamana, na hakuna aliyethubutu kuuvuta.