Kamba ya Kocha Sefu

Juzi nilimwona Kocha Sefu kwenye runinga akipewa tuzo ya kuendeleza soka. Nikaizima.

Alikuwa winga wa timu ya shamba letu la mkonge, Kilosa, kisha kocha wake, kisha katibu wa michezo wilayani. Mchana mmoja, shamba lilipokuwa linabinafsishwa, alinikuta uwanjani. Kamba yake ya katani ilinuka grisi ya kiwandani.

“Shikamoo, Kocha.”

“Marahaba, mwanangu. Shika hapa, usilegeze.”

Nilishika mpaka viganja vikaniwaka, nikiamini anatupimia magoli mapya. Nikawatangazia wenzangu, tukashangilia.

Wiki iliyofuata uwanja ulikuwa umekatwa vipande vya kujengea nyumba. Kipande cha golini kilikuwa chake. Wenzangu hawakuthubutu kumwuliza Kocha. Waliniuliza mimi, niliyeshika kamba.