Albamu ya Ruiru, Rekodi ya Thika

Kwa miaka tisa nimepiga gitaa la besi katika bendi ya watu watano. Kila Jumamosi mchana tunapiga kwenye hoteli moja ya nyama choma karibu na Eneo la Viwanda, Thika, wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wanapotoka. Nyimbo zetu hazikuwa na urefu maalumu. Tulikuwa tukiimba beti mbili, kisha mpiga gitaa la solo anashika njia yake na sisi tunamfuata mpaka aamue kuturudisha. Kuna siku nyama iliagizwa, ikachomwa na kuliwa, na bado tuko kwenye wimbo uleule.

Urefu huo ulinikera. Mpiga solo ndiye aliyenifundisha besi, na hadi leo namwita Mwalimu, lakini moyoni niliamini anapenda kujionyesha. Kwa hivyo tulipopata nafasi ya kurekodi albamu katika studio moja ya Ruiru, upande wa Membley, nilikuwa wa kwanza kukubaliana na prodyusa kwamba kila wimbo usizidi dakika nne.

Studio ilikuwa safi na kimya. Kila mtu aliingia peke yake katika chumba kidogo, amevaa hedifoni, akipiga kufuata mlio wa kompyuta unaohesabu mapigo. Mwalimu alijaribu asubuhi mbili. Siku ya tatu alilaza gitaa lake kwenye kasha, akamweleza prodyusa kwa upole kwamba yeye hawezi kuzungumza na watu ambao hawamo chumbani, akaenda zake, na tangu hapo hakuja hata hotelini Jumamosi. Tulitafuta kijana mwingine akapiga sehemu zake. Albamu ikatoka nzuri, haina hata doa moja, nami nilijivunia.

Mama mmoja wa kiwanda cha nguo, ambaye hukaa meza ya karibu na spika, aliniita Jumamosi moja baada ya kazi. Alisema albamu ameisikiliza mara moja tu. Kumbe kwa miaka miwili alikuwa akiturekodi kwa simu yake, apate kitu cha kusikiliza Jumapili akifua. Akanitumia rekodi moja, akasema hiyo ndiyo anayorudia sana.

Niliifungulia jikoni nikimenya viazi. Sahani zinagongana, mtu anaitisha kachumbari, na nyuma yao sisi tunapiga. Nilitambua ilikuwa siku gani. Nilikuwa nimemzika baba yangu Jumanne, na Jumamosi nikaja kazini kwa sababu sikujua la kufanya nyumbani. Nilichokumbuka ni kwamba wimbo ulirefushwa mpaka nikatamani kuondoka.

Kwenye rekodi nilisikia jambo jingine. Besi yangu inakosea, inakosea tena, kisha inanyamaza kabisa. Hapo solo inashuka kwenye nyuzi nene na kuanza kupiga sehemu yangu, polepole, kama alivyonifundisha. Anairudia, anairudia. Inasikika noti moja ya besi, halafu mbili. Ninaporudi sawasawa, ndipo anapanda tena juu. Wimbo wote ni dakika kumi na saba.

Niliacha viazi, nikakaa.

Kesho yake, watu wakitoka kanisani, nilimfuata nyumbani kwake mashariki ya Thika. Alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Nilimwekea rekodi, akasikiliza bila kuacha kukata. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia.

"Ningekuambia nini? Nilikuwa nakungoja tu."

Nilimwomba msamaha kwa ajili ya studio, na kwa yale niliyokuwa nikiwaza juu yake. Alitikisa kichwa. Alisema albamu wameisikiza na mkewe, na besi yangu ni tamu humo ndani.

"Ni vile hiyo mashine haingoji mtu," akasema. "Mimi nimeshazoea kungoja."

Mkewe alileta chai, tukazungumza habari za mahindi.

Tangu hapo yule mama ametupa rekodi zake zote. Tumechagua nne na kuziweka mtandaoni, sahani na kachumbari zikiwa palepale. Albamu nayo bado naipenda. Nikitaka kumwonyesha mtu anayejifunza besi kidole kinapita wapi, naweka hiyo.

Mwalimu alirudi hotelini majuma matatu baada ya mimi kwenda kwake. Alikaza nyuzi zake, akanitazama, akangoja nianze mimi.