Mkono alioulea kwa huruma

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mwalimu mstaafu amekaa ukingoni mwa kitanda, akipambana na kifungo cha pili cha shati lake. Dakika ya saba hii. Kiharusi kimemlegeza upande wa kushoto na vidole havimsikii.

Kushoto kwake amekaa msaidizi wa wauguzi, mama wa miaka arobaini na sita. Ameikalia mikono yake mwenyewe. Si kwa baridi. Anaizuia isimsaidie mgonjwa.

"Mkono ukifanyiwa kila kitu, unasahau kazi," anasema.

Hatimaye kifungo kinaingia. Mwalimu anahema kama aliyepandisha gunia ghorofani, kisha anauliza kwa ulimi mzito kama Roho Mbaya sasa ameridhika. Wodi inacheka. Ndilo jina walilompa msaidizi huyo, naye huliitikia bila kinyongo.

Wodi hii ni ya watu waliopata kiharusi au kuumia ubongo. Wagonjwa ni kumi na wanane, wasaidizi wawili kwa zamu. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hukaa nusu saa na kila mgonjwa. Saa zinazobaki, za kuoga, kuvaa, kula na kwenda msalani, ni za wasaidizi. Na mama huyu ana sheria zake: kaa upande wa mgonjwa uliolegea, zungumza naye ukiwa huko ili augeukie, na usimfanyie anachoweza kujaribu.

Nyumbani kwake alizivunja zote.

Miaka miwili iliyopita mume wake, seremala, alianguka karakanani. Kiharusi, mkono wa kushoto. Hospitali ilimruhusu mapema kwa kuwa mke ni mjuzi wa mambo hayo. Ndugu na majirani wakasema ana bahati.

Bahati gani? Alikuwa akirudi kutoka zamu miguu imevimba, anamkuta mumewe anahangaika na sahani. Akachukua kijiko, akamlisha. Akamvalisha. Akawa anakaa kulia kwake, upande mzima, ili mwenzake asipate taabu ya kugeuza shingo.

"Subira yangu yote naimalizia kazini," anasema. "Halafu nilimwonea huruma. Ningewezaje kumtazama baba watoto akitokwa jasho kwa sababu ya kijiko?"

Leo vidole vya seremala vimejikunja kiganjani, vimekakamaa. Mwezi uliopita mke alimwomba mtaalamu wa viungo afike nyumbani kumwangalia, naye hakuwaficha: miezi ya mwanzo ndiyo iliyokuwa na matumaini makubwa, na imeshapita. Kinachowezekana sasa ni kidogo, na hata hicho huenda kisipatikane.

Jioni hiyo mke alimwomba mumewe radhi. Alijiandaa kufokewa. Badala yake seremala alisema maneno ambayo mkewe huyarudia akiwa ameinamisha kichwa.

"Ulikuwa unakuja unanisimulia, fulani leo kashika kikombe, fulani katembea. Mimi hukuniambia jaribu hata siku moja. Nikajua umeniangalia kwa macho ya kazi, ukaona mimi basi tena."

Inauma kuyasikia, hata kwa mwandishi mgeni aliyekuja na daftari lake. Jioni ile mke alitoka akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka, akasimama nazo uani mpaka binti yao alipomfuata.

Jumatatu anaanza likizo ya siku ishirini na nane, ya kwanza baada ya miaka mitatu. Binti yao alitaka akapumzike kwa shangazi. Amekataa. Ameshahamisha kiti chake mezani kikawa kushoto kwa mumewe, na mumewe bado humtafuta kulia.

"Hatashika randa tena, sijidanganyi," anasema. "Naomba kidole kimoja tu kifunguke. Kikigoma, tutakaa hapohapo tunajaribu, mpaka ajue sikumkatia tamaa."