Mkia wa Kitenzi

“Kihispania? Wewe ambaye hata Kiswahili chako kinanuka Kinyakyusa?” Hivyo walinicheka walionikopesha ada.

Nilirudi Kyela na diploma. Vitenzi nilivishinda kwa akili yangu mwenyewe: sisi mtendaji tunamtaja kichwani, nalipa, unalipa; Wahispania humtaja mkiani, pago, pagas.

Siku moja Mhispania aliyekuja kununua kakao yangu aliuliza nani atalipia lori la kwenda Dar. Wadai wangu walisimama nyuma yangu. Nikikosea mkia, faida yote inaishia kwenye lori.

“Pagas tú,” nilisema, unalipa wewe.

Alinikazia macho. Nami nikamkazia yangu.

“Pago,” akakubali.

“Kasemaje?” mdai mmoja akanong'ona.

“Kasema analipa.”

Kesho yake nilimwendea kila mdai, noti mkononi, nikamwambia: “Pago.”